Maswali ya Wasomaji: Ufagio Unaopaa, Ngao Isiyopenyeka na Kanuni Zinazobishaniwa

Barua tulizozipokea safari hii zinahusu jambo moja kwa sura tofauti: nani aamue, na kwa kipimo gani, pale kanuni za mchezo wa Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji humwigiza mhusika, mwendesha mchezo huwaongoza, na dadu huamua matokeo) zinapowagawanya watu waliokaa meza moja. Waandishi wote wanatumia toleo la tano la mwaka 2014, isipokuwa nilipotaja marekebisho ya 2024. Barua nimezifupisha, ila hoja za waandishi nimeziacha kama zilivyo.

SWALI: Mhariri, wahusika ninaowaongoza wako ngazi ya 3. Katika hazina ya mnara walioupekua niliweka ufagio unaopaa, kwa kuwa kitabu kinauweka miongoni mwa vifaa "visivyo vya kawaida", daraja lile lile la upanga wa +1. Tangu siku hiyo kila mto, ukuta na shimo ninaloliandaa huvukwa kwa dakika chache. Mchezaji mmoja amenishauri niuvunje ufagio huo, na mwenyewe amekasirika kusikia hivyo. Nimekosea wapi, na nifanye nini?

JIBU: Kosa, kama ni kosa, lilikuwa kuliamini daraja la uadimu kana kwamba ni mizani. Upanga wa +1 hubadilisha uso mmoja tu kati ya nyuso 20 za dadu: pigo lililokuwa na uwezekano wa asilimia 50 sasa lina asilimia 55, na madhara yake huongezeka kwa alama moja. Mwenye upanga huo bado atapigana na adui yule yule, kwa njia ile ile, na bado atarusha dadu. Ufagio haugusi dadu hata kidogo. Unachofanya ni kuondoa haja ya kuirusha, kwa sababu aliye juu ya ukuta haulizwi tena kama anaweza kuupanda. Ndiyo maana mimi, kabla ya kukiweka kifaa chochote kwenye hazina, hujiuliza ni maswali gani ya mchezo kitayafuta moja kwa moja, kisha ndipo hutazama nambari zake. Kifaa kinachofuta swali zima katika ngazi ya 3 kina nguvu kuliko upanga wa +2, ingawa kitabu kinasema upanga huo ndio ulio adimu zaidi.

Hata hivyo, naomba usiuvunje. Kabla ya jambo lolote, usome upya maelezo yake, kwa maana nahisi mezani kwenu ufagio huu unafanya kazi kuliko ilivyoandikwa. Mwendo wake ni futi 50, lakini mzigo ukizidi ratili 200 unashuka hadi futi 30, na zaidi ya ratili 400 haubebi kabisa. Mpiganaji aliyevaa deraya ya mabamba amebeba ratili 65 za chuma kabla hata hujahesabu mwili wake, ngao na silaha, kwa hiyo karibu kila mara atapaa kwa mwendo mdogo. Ufagio unaweza kutumwa peke yake hadi umbali wa maili moja, na nadhani hivyo ndivyo kundi lako linavyovushana mmoja mmoja. Sharti lake ni kwamba anayeutuma awe anapafahamu mahali anapoutuma. Ng'ambo ambayo hakuna aliyewahi kufika si mahali panapofahamika, na hilo peke yake linamlazimu mtu mmoja atangulie, asimame peke yake upande wa pili, akiwangoja wenzake.

Angani nako kuna gharama. Anayeanguka huumia kwa dadu moja ya pande 6 kwa kila futi 10. Mchawi wa ngazi ya 3 mwenye ustahimilivu wa +2 huwa na alama 20 za uhai, akitumia wastani wa kitabu anapopanda ngazi. Kuanguka futi 60 ni dadu 6, ambazo wastani wake ni 21. Adui mwenye uchawi wa usingizi anamtosha. Wachezaji wenye hekima wataanza wenyewe kupaa chini chini.

Nakusihi lakini usijaze wapiga mishale kwenye kila paa. Wachezaji hutambua haraka ulimwengu unapopangwa upya kwa ajili ya kumkomoa mmoja wao, na imani ikishapotea hakuna kanuni itakayoirudisha. Wacha ufagio ushinde pale unapostahili kushinda. Katika mipango yako ijayo punguza vizuizi vya kuvukwa, uongeze vya kuamuliwa: mlinzi anayejua mnakuja, mlango wa ndani uliofungwa, mateka asiyeweza kupandishwa kwa sababu mzigo umezidi. Na kama baada ya yote hayo bado unaona ufagio umezidi, zungumza na mwenye nao kabla ya kikao, mbele ya wote, ukubali kwamba uliutoa mapema, kisha umwombe mkubaliane kikomo, kwa mfano kupaa kwa saa moja tu kila siku. Mali ambayo mhusika ameipata kwa jasho lake haichukuliwi kimya kimya.

SWALI: Mpiganaji wetu anavaa deraya ya mabamba na ngao. Sasa amepata ngao ya +3, joho la ulinzi na pete ya ulinzi. Mimi niliyezoea toleo la mwaka 2000 nasema joho na pete havijumlishwi. Yeye anasema vinajumlishwa. Nani ana haki, na je, si ametoka kwenye mizani?

JIBU: Katika toleo lenu, yeye ndiye mwenye haki. Toleo la mwaka 2000 liliipa kila nyongeza aina yake, na nyongeza mbili za aina moja kwa kawaida hazikujumlishwa. Nadhani hapo ndipo mazoea yako yalipotoka. Toleo la 2014 liliufuta utaratibu huo. Lilichobakiza ni kwamba athari mbili zenye jina moja hazijumlishwi, na joho la ulinzi na pete ya ulinzi ni majina mawili. Kinachozuia ulimbikizaji siku hizi ni kufungamana, yaani kujiunganisha na kifaa cha uchawi ili nguvu zake zikufanyie kazi: mhusika hufungamana na vifaa visivyozidi vitatu kwa wakati mmoja. Joho na pete vinachukua nafasi mbili kati ya hizo tatu, ilhali ngao haihitaji kufungamana.

Swali lako la pili ndilo linalonishughulisha zaidi, na hapa inafaa tuhesabu pamoja. Deraya ya mabamba humpa kinga (nambari ambayo shambulio la adui lazima liifikie ili limpate) ya 18, na ngao ya kawaida humfikisha 20. Adui mwenye nyongeza ya +5, inayojumlishwa kwenye dadu yake, anahitaji kupata 15 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani nyuso 6, sawa na asilimia 30. Ngao ikiwa ya +3, kinga inakuwa 23 na adui anabakiwa na nyuso 3, asilimia 15. Ongeza joho, asilimia 10. Ongeza pete, kinga ni 25, na adui huyo hawezi kumpiga ila kwa kupata 20 yenyewe, asilimia 5. Kinga ya 25 ndiyo aliyonayo Tarrasque, dubwana ambalo kitabu hicho kinaliweka kileleni mwa vitisho vyote.

Tazama jinsi hatua zinavyobadilika uzito. Kila nyongeza ya +1 ilipunguza asilimia 5 zile zile, lakini ya mwisho, ile ya pete, ilikata nusu nzima ya mapigo yaliyobaki. Nyongeza za upanga haziendi hivyo. Mtu mwenye +7 akimshambulia adui mwenye kinga ya 17 hupata kwa asilimia 55. Upanga wa +3 humpandisha hadi 70, na madhara yake huongezeka kwa alama tatu kila pigo linapopata. Ni faida kubwa, tena faida ya kundi zima, kwa sababu vita huisha mapema. Ila upanga hauzidi kunoga kadiri unavyorundikwa, kwa kuwa mtu hushika silaha moja na kuipigia. Kinga hurundikwa, na kila tabaka linalifanya tabaka linalofuata kuwa la thamani zaidi.

Waandishi wa kitabu walilijua jambo hili, angalau kwa nusu. Upanga wa +1 si wa kawaida, lakini deraya ya +1 ni adimu, daraja moja juu. Ninachokilaumu ni kwamba ngao waliiweka na panga: ya +1 si ya kawaida, ya +2 ni adimu, ya +3 ni adimu sana, ingawa ngao nayo hufanya kazi ile ile ya deraya na huongezwa juu yake. Kwa maoni yangu ngao ingepaswa kupandishwa daraja moja, na mezani kwangu ndivyo ninavyoihesabu.

Kwa mpiganaji wenu, msimnyang'anye kitu. Kinga haimsaidii dhidi ya moto wa joka au uchawi unaotaka arushe dadu ya kujinusuru. Huko joho na pete humwongezea +1 kila kimoja, basi. Joka jekundu lililokomaa haliulizi kinga ya mtu linapotema moto: linataka wepesi, na aliyevaa mabamba mara nyingi hana mwingi. Maadui wakiwa mchanganyiko, wengine wa panga na wengine wa pumzi na uchawi, yeye atakuwa ukuta mbele ya hao wa kwanza na binadamu mbele ya hao wa pili. Tatizo la kweli huwa pale mwendesha mchezo anapoongeza nyongeza za maadui wote ili wamfikie yeye, kisha mchawi mwenye kinga ya 13 aliyesimama nyuma anauawa kwa vita ambavyo havikuandaliwa kwa ajili yake.

SWALI: Mchawi wangu alitumia uchawi wa kuwaona wasioonekana, akamwona adui aliyejificha kwa uchawi, akamshambulia. Mwendesha mchezo akasema bado nirushe dadu mbili na kuchukua ndogo, kwa sababu ndivyo kitabu kinavyosema kuhusu asiyeonekana. Nilimwona kabisa! Je, uamuzi ule ulikuwa sahihi?

JIBU: Kwa herufi ulikuwa sahihi. Kwa maana, naona haukuwa. Hali ya kutoonekana katika kitabu cha 2014 imeandikwa kwa vipengele viwili vilivyotenganishwa. Cha kwanza kinasema mhusika haonekani bila msaada wa uchawi au hisi maalumu. Cha pili kinasema mashambulizi dhidi yake hurushwa kwa dadu mbili ikachukuliwa ndogo, na yake mwenyewe kwa dadu mbili ikachukuliwa kubwa. Kipengele cha pili hakisemi "kwa sababu haonekani". Uchawi wako ulikijibu cha kwanza, na cha pili kikabaki kimesimama. Jeremy Crawford, aliyekuwa mbunifu mkuu wa kanuni za toleo hilo, aliulizwa kuhusu jambo hili akaunga mkono usomaji wa herufi, kwa hiyo mwendesha mchezo wako hakulibuni kichwani.

Lakini pima uzito wake. Pigo linalohitaji 11 lina asilimia 50. Kwa dadu mbili na kuchukua ndogo linabaki na asilimia 25. Uchawi wa kutoonekana ni wa daraja la 2, na uchawi wa kuona wasioonekana nao ni wa daraja la 2. Mchawi mmoja ametumia nafasi yake ya uchawi, ambazo huwa nazo chache, na kupata ulinzi kamili. Mwingine ametumia nafasi ya daraja lile lile kuuvunja ulinzi huo, na bado anapigana kama kipofu. Uamuzi wa kanuni hugawa nguvu kama hazina inavyogawa. Anayesema "herufi ibaki" amempa kila asiyeonekana kifaa ambacho hakikuwa kwenye orodha ya vifaa, tena bila kufungamana nacho. Ndiyo maana huwa nauliza juu ya uamuzi maswali yale yale ninayouliza juu ya upanga: unampa nani, kiasi gani, na je, ningeuweka kwenye hazina kwa makusudi?

Marekebisho ya 2024 yalilimaliza jambo hili. Sasa imeandikwa kwamba kiumbe akiweza kukuona kwa namna yoyote, hupati faida hiyo dhidi yake. Hata kama mnaendelea na kitabu cha 2014, mwombe mwendesha mchezo wenu aazime sentensi hiyo moja. Sioni kitakachoharibika.

SWALI: Tulijificha wanne ndani ya mkoba wa kuhifadhia, ule wa uchawi ambao ndani ni mkubwa kuliko nje, ili mwenzetu wa tano atupitishe lango la ngome. Mwendesha mchezo alisema tulikosa hewa kabla ya kufika. Alituonea?

JIBU: Hakuwaonea. Hewa ya mkoba ni dakika 10 zikigawanywa kwa idadi ya wanaopumua ndani yake. Wanne mnapata dakika mbili na nusu, sawa na mizunguko 25 ya vita ya sekunde 6. Na nina shaka nyingine ambayo hamkuitaja. Mkoba hubeba ratili 500 tu. Watu wazima wanne wenye deraya na silaha huenda wakazidi hapo, na mkoba uliozidiwa hupasuka, vilivyomo vikatawanyika katika ulimwengu mwingine. Mdomo wake nao una upana wa futi 2. Mwendesha mchezo wenu, kama aliishia kwenye hewa, aliwahurumia.

SWALI: Mhariri, naongoza mchezo kwa mwaka wa pili sasa. Mchezaji wangu mmoja anazijua kanuni kuliko mimi. Majuzi, adui alipompiga, alisema anatumia uchawi wa Ngao, kisha akataka nimtajie jumla ya shambulio (dadu pamoja na nyongeza ya adui) kabla hajaamua. Nilikataa, tukabishana karibu nusu saa, wengine wakiwa wameshika simu zao. Nimebaki na mambo mawili moyoni: je, nilitakiwa kumtajia? Na nifanyeje ili mabishano yasile mchezo?

JIBU: Nianze na la kwanza. Uchawi wa Ngao hutumika pale mhusika anapopigwa na shambulio, na humwongezea kinga kwa 5 hadi mwanzo wa zamu yake inayofuata, ikiwa ni pamoja na dhidi ya shambulio hilo hilo. Kitabu kinasema anajua kwamba amepigwa. Hakisemi kwamba anajua kwa jumla ya ngapi, wala hakisemi kwamba afichwe. Mchawi mwenye kinga ya 15 akipigwa kwa 19, Ngao inamwokoa. Akipigwa kwa 22, kinga ya 20 haimfai kitu kwa pigo lile. Anayetajiwa jumla hapotezi kamwe nafasi yake ya uchawi kwa pigo ambalo haliwezi kuzuiwa, na katika ngazi ya 3, ambapo mchawi ana nafasi 4 tu za daraja la kwanza, hilo ni jambo kubwa. Asiyetajiwa anabahatisha. Njia zote mbili zinaruhusiwa, na kila moja inaufanya uchawi huo uwe na thamani tofauti.

Mimi hutaja jumla. Narusha dadu mbele ya wote, natamka nambari, na mchezo unakwenda haraka. Lakini ninayechagua hivyo nimejifunga: mchawi wa upande wa adui naye atajua jumla za wachezaji kabla hajainua Ngao yake. Nilipoanza kuongoza sikulitambua hilo. Niliwafichia wachezaji nambari zangu huku maadui wangu wakitumia Ngao kila mara kwa wakati sahihi, kwa kuwa mimi nilikuwa nazijua nambari zote. Mchezaji mmoja aliniambia jambo hilo kwa upole baada ya kikao, na lilinichoma kwa kuwa lilikuwa kweli.

Sasa la pili. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha mchezo huu katika vijitabu vitatu, anayeuongoza aliitwa refa. Napenda neno hilo kwa sababu sisi sote tunajua refa hufanya nini: hupuliza filimbi, mpira unaendelea. Mchezaji anayezijua kanuni si adui yako. Ni msaidizi ambaye hajapewa kazi. Mpe. Mwambie kwamba kanuni ikikutatiza katikati ya vita utamgeukia yeye, naye atakuwa na dakika moja ya kuutafuta ukurasa. Akiupata, someni sentensi yenyewe kwa sauti, si kumbukumbu yake. Asipoupata, wewe unaamua, unataja sababu kwa sentensi moja, na swali linaandikwa kwenye daftari ili mlirudie mkishamaliza kucheza. Pale unapokuwa na shaka iliyo sawa kwa sawa na uhai wa mhusika umo hatarini, amua kwa kumpendelea mhusika. Kosa la upande huo hurekebishwa kikao kijacho, lakini mhusika aliyekufa kwa kosa la kanuni ni vigumu kumrudisha bila kila mtu kujisikia vibaya.

Mkishafungua daftari na kuona kwamba uliamua kinyume na kitabu, sema hivyo. Kilichotokea kibaki kama kilivyotokea, na kuanzia kikao kinachofuata tumieni kanuni sahihi kwa wachezaji na kwa maadui vilevile. Kwa suala la Ngao, kwa kuwa kitabu kimenyamaza, waulize wote mezani wanataka nambari zitajwe au zifichwe, uandike jibu lao kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hilo, na mchezaji wako huyo awe ndiye anayelitunza.